Siku Kiunga Alipoishiwa na Kiswahili

Kiunga alikuwa juu ya ngazi, akifunga taa ya barazani kwa jirani yake mtaani Dallas, mjini Embu, alipoona nyaya mbili mahali palipokuwa na waya mmoja. Alifumba macho, akafumbua. Zikabaki mbili. Alikuwa fundi wa umeme kwa miaka thelathini na hakuwahi kuufanyia umeme mzaha hata siku moja, basi akashuka polepole, akazima swichi kuu, akamwambia mwenye nyumba kwamba atarudi kesho kumalizia. Hakurudi.

Mkewe, Wanja, alimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. Kiunga akamsimulia habari ya ule waya, kisha akatoa jambo alilokuwa amelificha kwa wiki mbili: kichwa kilimpasuka kila akilala chali, na kila alfajiri alikuwa akijikokota hadi nyuma ya nyumba kutapika ili asimwamshe. Wanja alikwenda jikoni akasimama mbele ya jiko lililozimwa, mikono ameikunja.

Miezi kumi na sita nyuma walikuwa wameambiwa kwamba Kiunga ana saratani ya mapafu. Waliomjua hawakuamini, maana hakuwahi kuvuta sigara hata kwa kujaribu. Lakini kinyama kilichotolewa pafuni kilipopimwa, ilionekana saratani yenyewe ni ya aina inayosikia kidonge fulani cha kumeza mara moja kwa siku. Kidonge kikafanya kazi yake. Kikohozi kilikoma, mwili ukarudi, Kiunga akapanda tena ngazi zake. Wanja, aliyeuza ndengu na kunde sokoni, alikuwa ameanza kuwaambia wateja habari za ile saratani aliyokuwa nayo mume wake, kana kwamba ni kitu kilichopita na kwenda zake.

Kabla ya kuendelea, yafaa ijulikane watu hawa wawili walizungumza vipi. Walikutana Kiambere, kwao Wanja, wakati Kiunga alipofika na kikosi cha mafundi waliokuwa wakivuta nyaya upande wa bwawa. Yeye Kiunga alikuwa Mmeru wa Igembe, mzaliwa wa Maua. Wanja ni Mmbeere. Lugha zao ni ndugu, lakini ndugu wa mbali. Kiunga akianza kuongea haraka na watu wa kwao, Wanja alishika neno moja kati ya manne. Basi wakakutana kwenye Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha darasani na cha sokoni, ngeli zikigongana humo ndani, lakini kilikuwa chao. Walichumbiana kwacho, wakagombana kwacho, wakamlea kwacho binti yao wa pekee, Cicily, aliyekuwa sasa mwanafunzi wa chuo kule Eldoret na ambaye hakujua Kimeru wala Kimbeere kupita salamu.

Walipelekwa hospitali moja mjini Meru. Kiunga alipigwa picha ya kichwa, kisha akatobolewa sehemu ya chini ya mgongo, yakatolewa maji kidogo ya kupimwa. Daktari aliyewapa majibu aliitwa Zuleka, mama wa makamo mwenye ushungi, aliyezaliwa na kukulia mjini humo humo katika familia ya Waswahili isiyosema Kimeru. Alivuta kiti akaketi ndipo akaanza kusema.

Aliwaambia kwamba ubongo haukai mkavu. Umefunikwa na utando mwembamba wenye tabaka, na kati ya tabaka hizo kuna maji yanayozunguka na kushuka hadi kwenye uti wa mgongo. Saratani ya pafu ilikuwa imefika mle. Haikuwa uvimbe mmoja ambao mtu angeukata. Zilikuwa chembechembe, nyingine zinaelea majini, nyingine zimegandamana na utando kama ukoga.

"Yaani imeshaingia kwenye laini yote," Kiunga alisema.

"Imeingia, Mzee."

Akauliza kama kidonge kimeshindwa. Daktari akamjibu kwamba kidonge kinafika mle kwa shida. Wangekiongeza kipimo, na pia ilikuwapo dawa ya kudungwa mgongoni iingie moja kwa moja kwenye yale maji, mara mbili kila wiki. Haingeiondoa saratani. Ikikubali, ingempa miezi.

"Na isipokubali?"

"Ni wiki. Pengine tano, pengine nane."

Wanja alikuwa ameushika mkono wa mumewe. Kiunga akasema kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaambia wateja kazi itachukua siku ngapi: "Nidungeni. Lakini nikisema basi, iwe basi." Daktari Zuleka akayaandika maneno hayo kwenye faili, akamsomea, naye akatia sahihi.

Dada yake Kiunga, Nkirote, alishuka kutoka Maua siku iliyofuata na begi moja na blanketi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono migumu ya shamba. Yeye na Wanja walikodi chumba nyuma ya hospitali, wakagawana kitanda na kazi. Siku za sindano, Kiunga alilazwa ubavu, akakunjwa magoti yakaribie kidevu. Wanja alishika magoti, Nkirote alishika kichwa. Sindano ilikuwa ndefu. Mara nyingine ilipata njia upesi. Mara nyingine iligonga mfupa mpaka Kiunga akauma pembe ya mto.

Sindano tatu za kwanza zilileta nafuu. Nyaya mbili zikarudi kuwa waya mmoja, akala ugali na sukuma wiki akamaliza, akatembea hadi mwisho wa wadi akihesabu soketi zilizolegea na kuwaagiza wauguzi waite fundi. Wanja alimpigia Cicily akamwambia dawa imekubali. Nkirote alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Baada ya ile ya nne, maneno yakaanza kumponyoka. Aliomba "ile ya kunywea" akimaanisha kikombe. Alimwita Wanja "wewe wa hapa" na kukunja uso, akijua kabisa kwamba kuna jina. Kila siku kilitoka kidogo, na kilichokuwa kikitoka kilikuwa Kiswahili. Jumanne ya wiki ya tatu Daktari Zuleka alimuuliza leo ni siku gani, naye akajibu kwa Kimeru tupu, sentensi ndefu iliyonyooka, bila kusitasita popote.

Wanja alidhani ni mzaha. Akainama karibu na uso wake. "Baba Cicily, sema na mimi."

Kiunga alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hataki kumvunjia heshima, kisha akageuka kwa dada yake amwambie huyu mama anataka nini.

Daktari alieleza kwamba ugonjwa ukigusa ubongo huweza kufuta lugha aliyojifunza mtu baadaye na kuacha ile aliyoanza nayo mdomoni. Wanja aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alielewa, lakini moyoni alihisi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Miaka ishirini na sita ya maneno ilikuwa imeondoka, na Kiunga mwenyewe alikuwa bado yupo, akipumua, akimeza uji.

Tangu siku hiyo Nkirote akawa mdomo wa Kiunga, maana wauguzi wa wadi ile walikuwa wametoka mikoa mingine. Daktari aliuliza, Nkirote akageuza. Kiunga alijibu, Nkirote akageuza. Cicily alipopiga simu, waliiweka sikioni mwa baba yake, na Kiunga akasema naye muda mrefu kwa sauti ya upole. Upande wa pili binti alikuwa akilia na kurudia, "Baba, sisikii. Baba, sielewi." Nkirote alipoichukua simu alimwambia, "Baba yako anakusalimia." Wanja aliona kwamba maneno yalikuwa yakiingia mengi kwa Nkirote na kutoka machache, lakini akadhani ni uchovu.

Sindano ya tano ikapita, ya sita ikapita. Kwenye ya saba, Kiunga aliusukuma mkono wa muuguzi kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo, akasema, "Tiga." Akalirudia. Kisha yakafuata maneno mengine, ya haraka, ambayo Wanja hakuyapata.

"Anasema mgongo unamuuma," Nkirote alimwambia muuguzi. "Mgeuzeni kidogo ndio mdunge."

Wakamgeuza, wakadunga.

Kiambere, tiga ndilo neno ambalo mama humwambia mtoto anayechezea moto. Maana yake ni acha, na Wanja alikuwa amelijua kabla hajajua kutembea.

Saa sita mchana alimfuata Nkirote kwenye kamba za kuanikia nguo nyuma ya wadi. Nkirote alikuwa akikamua shuka.

"Dada," alisema Wanja, "tiga hata kwetu ni acha."

Nkirote hakuinua macho. "Ni neno la kuanzia tu, Mama Cicily. Ukitaka kusema usiende, unaanza na tiga. Usilie, ni tiga. Wewe ulisikia kichwa cha neno, hukusikia mkia."

"Basi nipe huo mkia."

Nkirote alikamua shuka mpaka maji yakaisha, akaendelea kulikamua. Kisha akaliweka juu ya ukuta, kama lilivyo, limejikunja.

"Alisema waache kumdunga," alisema. "Alisema arudishwe nyumbani."

"Ameanza kusema lini?"

"Baada ya ile ya nne."

Wanja akahesabu. Sindano tatu. Mara tatu alikuwa ameyashika magoti yale na kuyabana, akimwambia mumewe avumilie, kumbe mtu anasema acha, na hakuna wa kumsikia isipokuwa dada yake, naye dada yake amefunga mdomo.

Nkirote akaanza kueleza, si kwa kujitetea, bali kama mtu anayetua mzigo popote unapoangukia. Mama yao alikufa Kiunga akiwa na miaka minne na yeye kumi na mmoja. Aliacha shule. Alimlisha uji kwa kidole kwa sababu alikikataa kijiko. Alimbeba mgongoni hadi zahanati alipougua surua, akilala njiani chini ya miti ya miraa kwa kuishiwa nguvu. Alipokuwa akisikia neno lile kitandani, alikuwa akimsikia yule mtoto wa surua akikataa dawa.

"Ulitaka mdomo huu ndio uwaambie wamwachilie afe?" aliuliza.

"Nilitaka useme alichosema yeye."

Wakasimama pale, shuka limejikunja juu ya ukuta. Wanja alikuwa na hasira ya kuweza kumpiga mtu. Lakini chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine, na kwa sababu hakuwa mwanamke wa kujidanganya, alikitazama. Neno lile hakuwa amelisikia siku ya sindano ya saba tu. Kwenye ya sita pia lilimpita sikioni, dogo, limechanganyika na mguno, naye akaambiwa ni maumivu na akakubali upesi sana. Alitaka kukubali. Dada alificha, na yeye hakuuliza.

Hakumwambia Nkirote hayo. Alimwambia tu kwamba wanakwenda kwa daktari sasa hivi, wote wawili.

Daktari Zuleka aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia Nkirote. Alivua miwani, akasema kosa lilikuwa lake pia, maana hakupaswa kumweka ndugu wa damu katikati ya mgonjwa na tabibu kwa jambo zito namna ile. Kisha akawaambia jambo lililokuwa limefika mezani kwake asubuhi hiyo: maji yaliyotolewa siku ya sindano ya sita yalikuwa yamejaa chembe za saratani kama yalivyokuwa siku ya kwanza. Dawa ilikuwa imekataa. Hata hivyo hakutaka kuamua kwa majibu ya maabara peke yake. Kiunga alikuwa ametia sahihi kwamba akisema basi iwe basi, na ilibidi aulizwe, na mtu asiyekuwa na cha kupoteza.

Kesho yake asubuhi walimpunguzia kidogo yale maji ya mgongoni ili kichwa kipoe, na kilipopoa wakamleta muuguzi wa wadi nyingine, Salesio, kijana wa upande wa Maua. Wanja alimwomba asimfichie neno, hata liwe baya namna gani. Nkirote aliketi mbali, mgongo ukutani, mikono mapajani.

Salesio aliuliza kwa namna tatu tofauti, akizunguka na kurudi, ili wasije wakachukua neno la homa wakadhani ni neno la mtu. Kiunga alijibu mara zote tatu. Macho yake yalikuwa makavu na safi.

"Anasema sindano basi," Salesio alisema. "Anasema yeye alishasema." Akasita, akamtazama Wanja, naye akamwashiria aendelee. "Anasema hajui kwa nini hamumsikii."

Nkirote alijifunika uso kwa leso. Wanja alibaki amesimama vile vile.

"Mwulize anataka kwenda wapi."

Alikuwa tayari amekwisha kuiona nyumba yao ya Embu, kitanda kikisogezwa karibu na dirisha, majirani wa Dallas wakiingia na kutoka, sauti za Kiswahili zikimzunguka pengine zikamrudishia hata neno moja. Salesio aliuliza. Jibu lilikuwa fupi, na ndani yake Wanja alisikia jina moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Maua," Salesio alisema hata hivyo. "Anataka kwenda Maua, kwa mama yake."

Mama yake alikuwa kaburini kwa miaka hamsini. Wangeweza kusema kwamba hapo sasa akili imemtoka, kwamba hilo halihesabiki, na hakuna ambaye angewalaumu. Wanja aliwaza hivyo, na akajua kwamba akilikubali neno moja na kulikataa jingine kwa sababu linamuuma, hatakuwa tofauti na yule aliyeketi pale ukutani. Akamwambia daktari waandikiwe dawa za kwenda nazo Maua.

Walimlaza kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa Nkirote, mlango ukiangalia miti ya miraa. Daktari alikuwa amewapa mofini ya maji, chupa yenye kipimo, na namba ya simu yake mwenyewe. Kiunga aliishi siku tisa. Hazikuwa siku nyepesi. Siku ya tatu miguu ilikataa kabisa. Siku ya tano alipigwa na degedege mara mbili, na mara ya pili akajiuma ulimi hata mto ukalowa damu. Baadaye alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, na walikuwa wakigombea upande wa kukaa.

Wanawake wa ukoo waliingia na kutoka, wakampa Wanja chai na kiti kizuri, wakazungumza juu ya kichwa chake. Hawakuwa na ubaya. Lakini mle ndani kila mtu alimwelewa Kiunga isipokuwa mke wake. Ilimbidi amwombe Nkirote amfundishe: unaumwa, una kiu, una baridi, nikugeuze. Hata kumwomba lilikuwa jambo gumu, na Nkirote alifundisha bila kumtazama usoni. Wanja aliyakariri maneno hayo akitwanga njahi, maharagwe meusi ya kule, uani. Alipoyasema, Kiunga alimjibu, na akamshukuru kila mara, kama anavyoshukuriwa muuguzi mwema. Hakumwita tena kwa jina lolote.

Cicily alifika siku ya nane, akaketi upande wa sikio zima, akashika mkono wa baba yake. Alimsomea ujumbe wa rafiki zake kwa Kiswahili, akamwimbia wimbo wa kanisani. Kiunga alikuwa akifinya vidole vyake. Pengine alimjua, pengine hakumjua.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alisema maneno machache, uso ameuelekeza mlangoni. Nkirote alimgeukia Wanja kabla hajaulizwa.

"Anauliza kama mbuzi wamefungwa. Ni hayo tu. Hakuna kingine."

"Mwambie wamefungwa," Wanja alisema.

Nkirote akamwambia. Baada ya muda kifua kilipanda, kikachelewa kushuka, kikashuka. Cicily ndiye aliyegundua kwamba vidole vimeacha kufinya.

Walimzika pale pale Maua, karibu na mama yake, mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukiganda kwenye viatu. Siku ya nne baada ya maziko Wanja na binti yake walifunga mizigo. Nkirote aliwasindikiza hadi barabarani, amembebea Wanja begi, na alipoliweka chini hakuliachia mpini.

"Mama Cicily," alisema, "kabla hujaenda. Nisamehe zile sindano tatu."

Cicily, ambaye hakujua habari zozote za sindano tatu, aliwatazama wote wawili. Wanja alitaka kusema ndiyo. Lingekuwa neno jepesi, na wifi yake alikuwa amesimama mbele yake na macho yaliyovimba, mwanamke mzee aliyebaki peke yake. Lakini alikuwa amechoka na maneno yasiyokuwa na kitu ndani.

"Bado," alisema. "Moja katika hizo ni yangu, dada. Sijajisamehe hiyo. Nikiweza, nitakupigia simu."

Nkirote aliitikia kwa kichwa taratibu, akauachia mpini. Gari la jirani aliyekuja kuwachukua likasimama. Mwendo ulipokwisha kuwa wa mbali, na Maua haionekani tena, Cicily aliuliza sindano zipi, na Wanja akaanza kumweleza, tangu siku ile baba yake alipokuwa juu ya ngazi, bila kuruka lolote.